Mtani Aliyetoa Pole

Siku niliyoshuka kwenye treni Tabora nikiwa bi harusi, wifi yangu mkubwa alinipokea kwa kuninyang'anya kanga. Hakusema karibu wala kuuliza habari za safari. Aliivuta kutoka begani kwangu, akajitanda yeye, kisha akawageukia wenzake pale stesheni. "Mtumwa wetu kafika," akasema, "lakini mwembamba mno, sijui kama atatwanga." Mama yangu mdogo, aliyenisindikiza kutoka Kisarawe, hakukasirika hata kidogo. Alimtazama wifi utosini kama anayetafuta kipara, akamuuliza, "Na nyie wapagazi, leo mmetua mizigo saa ngapi mpaka mkapata nafasi ya kupokea wageni?" Wakaangua kicheko, wakakumbatiana, na kanga yangu sikuiona tena.

Mimi ni Mzaramo, mume wangu ni Mnyamwezi, na makabila yetu ni watani. Wanaosimulia wanasema utani wetu ulizaliwa njiani, enzi za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kutoka huku bara mpaka pwani. Walipita kwetu wamechoka, wengine wakiugua, wengine wakifia mikononi mwa watu wasiowajua. Mtu anayepita kwako kila msimu, unayemlaza, unayemlisha na pengine kumzika, mwishowe ama mtagombana naye ama mtakuwa ndugu. Wazee wetu waliona bora watukanane kwa kucheka. Njia yenyewe sasa ni lami na reli, mizigo inabebwa na malori, lakini matusi yamebaki, na mimi nimeishi ndani yake miaka yote ya ndoa yangu. Mume wangu akichelewa kurudi, namuuliza kama mzigo ulikuwa mzito. Nikiunguza wali, ananiambia bila shaka nilisikia ngoma mahali, maana Wazaramo tunasemwa hatuwezi kuipita ngoma.

Mtani hakasiriki. Akichukua kitu chako, humdai. Na kwenye msiba, wakati watu wote wanapeana pole, mtani hatoi pole. Hilo nililiona kwa macho yangu alipofariki baba mkwe. Wajomba zangu walikuja kutoka Kisarawe, na kabla hata ya kunawa uso mmoja wao aliingia kaburini, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Mwingine alivaa koti la marehemu akawa anatembea uani kwa mwendo wake, anachechemea vilevile, anakohoa vilevile. Mama mkwe, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaomba uji. Tangu siku ile sikuhitaji mtu wa kunieleza utani ni wa nini.

Mume wangu ni dereva na fundi wa malori. Alikuwa akisomba tumbaku kwa kampuni moja ya watu binafsi, na kampuni ile ilipouza malori yake, iliwaacha madereva wake kama inavyoacha magurudumu yaliyoisha. Siku za mwanzo alilala mpaka jua likawa kali, na mimi nikafurahi kwa ajili yake, maana alikuwa amechoka kweli. Miezi ilipopita nikaanza kuogopa. Aliamka alfajiri kama zamani, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa kwenye benchi letu pale nyumbani, mtaa wa Cheyo, anatazama barabara. Wapita njia wakimuuliza, "Leo huna safari?" anajibu, "Gari lipo gereji." Mimi nauza uji na maandazi Kitete, karibu na hospitali, kwa watu wanaouguza ndugu zao. Nilikuwa narudi na sufuria zangu kichwani namkuta palepale, shati halina hata mkunjo. Nilikuwa na hasira siku nzima na sikujua nimkasirikie nani.

Kilichoniumiza zaidi ya yote ni kwamba aliacha kunitania. Siku moja niliunguza wali kwa makusudi, nasema kweli, niliuacha jikoni mpaka ukanuka nje, nikampakulia ukoko mtupu. Alikula akanyanyuka akanawa. Nilirudi jikoni nikalia, na si kwa ajili ya wali.

Kwa hiyo niliposikia kicheko chake mchana mmoja, narudi kutoka Kitete, nilidhani tuna mgeni. Kumbe alikuwa kwenye simu. Alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, anasema, "Wewe Mzaramo, wewe! Umeamka saa hizi au ndiyo unatoka kwenye ngoma?" Akanipungia mkono nisiingilie. Alipokata simu uso wake ulikuwa umejaa, mashavu yamerudi mahali pake.

Akanieleza. Alikuwa ameandika kwenye kundi la madereva la simuni kwamba anatafuta kazi, ametaja yeye ni dereva na fundi, mkazi wa Tabora. Sasa amepigiwa na bwana mmoja wa kampuni ya ujenzi wa barabara, wanataka madereva wa malori makubwa, chakula na malazi juu yao. Bwana yule alimuuliza kabila lake, na aliposikia ni Mnyamwezi akapiga ukelele: "Ah, mpagazi wangu! Mimi Mzaramo! Leo nimekupata, utanibebea mizigo mpaka ukome!"

"Kwenu kabisa," mume wangu akaniambia. "Anaongea kama wajomba zako."

Nikamuuliza kampuni inataka nini. Akasema mtani alidai picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma, na ya leseni. Alidai kwa maneno haya: "Lete hicho kitambulisho, mtumwa wangu, nione sura yako isije ikawatisha wazungu." Na mume wangu, akicheka, akapiga picha akatuma. Mtani akichukua kitu chako, humdai.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Sikushtuka. Nilifurahi mpaka nikakaa chini na sufuria bado ziko kichwani. Usiku ule wali ulikuwa mzuri, lakini alionja tonge moja akasema, "Leo hakukuwa na ngoma?" na mimi nikamrushia kitambaa cha mezani. Kama angeniambia mtani anataka na picha yangu, ningekwenda kujipaka poda kwanza.

Siku ya pili akapiga tena. Kazi imepita, akasema, kimebaki kitu kidogo. Wakala wa kampuni atakuwa karibu na stendi kesho yake asubuhi na kile kimashine cha kusajilia laini, mume wangu akaweke vidole vyake vyote ili aingizwe kwenye kumbukumbu za wafanyakazi. Na kabla ya hapo kuna namba itaingia kwenye simu yake kwa ujumbe, amtajie. Mume wangu akatoa shati jingine akalipiga pasi mwenyewe, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

Jioni ile alikuwa bafuni anaoga wakati simu ilipolia mezani. Ilikuwa imeandikwa "Mtani Kazi". Nami nilikuwa na hamu kubwa ya kumsikia huyu mtu wa kwetu aliyemrudisha mume wangu. Nikapokea. Sikusema mimi ni nani, na nikamfanyia kama ningewafanyia wajomba zangu.

"Umechelewa," nikamwambia. "Yule mpagazi wako amekufa mchana huu. Njoo umzike."

Nikatega sikio, tayari nacheka. Nilijua atakachosema Mzaramo yeyote akiambiwa Mnyamwezi wake amekufa. Atasema nani amempa ruhusa ya kufa bila kumaliza kazi. Atasema koti lake asipewe mtu, ni la kwake. Atauliza jogoo yuko wapi.

Sauti ikashuka, ikawa ya upole kabisa. "Oo, pole sana, mama. Poleni sana kwa msiba. Mungu awatie nguvu."

Sijawahi kusikia neno la huruma likaniogopesha namna ile. Akaendelea, kwa upole uleule: "Sasa mama, simu ya marehemu si unayo wewe? Usiizime. Kuna namba itaingia hapo sasa hivi kwenye meseji, naomba unisomee."

Mtu amekufa, na kazi yake bado inamsubiri! Nikakata simu. Ujumbe ukaingia kweli, una namba, na chini yake umeandikwa kwamba namba hiyo usimpe mtu yeyote. Nikaiweka simu chini ya mto nikaikalia.

Mume wangu alitoka bafuni na taulo. Nikamweleza, na niseme sikumweleza vizuri, nilipayuka. Nilimwambia huyo si Mzaramo, si mtani, na hakuna kazi yoyote. Nikaona uso wake unafungika tena, kama ulivyokuwa siku ile ya ukoko.

"Ametoa pole," akasema. "Kosa lake ni kuwa na adabu?"

"Mtani hana adabu!"

"Labda amekulia mjini, hajui mila. Watoto wa siku hizi wangapi hawajui? Wewe umezoea kuniona hapa kwenye benchi, ndiyo maana hutaki niondoke."

Hilo lilinichoma. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, na hayakuwa ya utani. Watoto wetu sebuleni wakajifanya wanasoma. Alivaa, akakaa kitandani ameshika kichwa, na mimi nikasimama mlangoni nikiwa na hofu ya kweli. Nilijua matapeli hawa wanachokitaka. Mtu akiwa na kitambulisho chako na vidole vyako, anaweza kusajili laini kwa jina lako, akakopa kwa jina lako, akawatapeli watu wengine kwa jina lako, halafu polisi wanakuja kukugongea wewe. Mume wangu hakuwa amebakiwa na kitu kingine chochote zaidi ya hilo jina lake. Madereva wote wa njia ya Kigoma mpaka Dodoma walilijua, na hakuna aliyelisema vibaya.

Nikapunguza sauti. "Mpigie wewe," nikamwambia. "Mpigie umtanie. Akikujibu kama mtani, kesho mimi mwenyewe nakusindikiza stendi."

Akachukua simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Ilipopokelewa alijikohoza, na nikamwona anajikaza kutafuta ile sauti yake ya utani.

"Mtani," akasema, "nimefufuka. Huko kaburini joto, na wewe hukuja hata kunirushia mchanga. Jogoo wako nimemla mwenyewe."

"Sikiliza, bwana," sauti ikasema, na upole wote ulikuwa umekwisha. "Acha utani. Tuna watu wengi hapa wanaitaka nafasi yako. Nitumie ile namba."

Mume wangu akanyanyua macho akanitazama. "Niache nini?" akauliza kwenye simu.

"Utani. Acha utani. Una shida ya kazi au huna?"

"Shida ninayo," mume wangu akasema taratibu. "Lakini Mzaramo aliyeniambia niache utani ni wewe peke yako tangu nizaliwe." Akakata. Kisha akasema, bila kunitazama, "Alikuwa ananichekesha kweli, yule mshenzi." Nikakaa karibu naye. Nikamshika mkono.

Asubuhi hatukwenda stendi. Sikwenda hata Kitete, wateja wangu wakanywa uji wa mtu mwingine. Tulikwenda kwenye duka la kampuni ya simu, tukamweleza binti wa dirishani kila kitu. Hakutucheka. Aliomba kitambulisho akatazama ni laini zipi zimesajiliwa kwa namba yake, akatugeuzia kioo cha kompyuta. Ya kwanza ilikuwa laini yake. Akaonyesha ya pili.

"Na hii unaitambua, baba?"

Mume wangu aliisoma namba mara kadhaa. "Hapana," akasema. Nikamwona kichwani mwangu amefungwa pingu kwa wizi wa mtu wa mbali. Nikatoa simu yangu, kwa kutapatapa tu, nikaibonyeza ile namba tuone nani atapokea. Kwenye kioo changu kikatokea: "Mama Mkwe, Usinge."

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemsajilia mama yake, zamani, bibi alipokuwa bado hajapata kitambulisho, na akasahau kabisa. Binti alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa makini kwamba bibi aje na kitambulisho chake abadilishiwe, maana mtu asibebe laini ya mwenzake, hata ya mama yake. Akatusaidia kubadili namba za siri. Akasema picha ya kitambulisho peke yake ni hatari, lakini vidole na ile namba ya kwenye ujumbe ndiyo milango yenyewe, na sisi hatukuifungua. Akatuonyesha jinsi ya kuhakiki laini wenyewe nyumbani, na akatuambia tufanye hivyo mara kwa mara.

Kutoka pale tulikwenda polisi, halafu ofisi ya vitambulisho. Askari wa kaunta aliandika taarifa yetu yote. Alipofika pale niliposema mume wangu amekufa alisimamisha kalamu akamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mbele yake na shati la pasi. "Wewe kabila gani, mama?" akaniuliza. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akaendelea kuandika. Akatuambia tuitunze taarifa ile vizuri: likitokea lolote kwa jina hili, tutakuwa tumeshasema mapema.

Tulirudi kwa miguu. Njiani mume wangu alisimama, akaingia kwenye lile kundi la madereva, akarekodi ujumbe wa sauti. Alieleza yote, hata alivyotuma kitambulisho huku akicheka, na alivyopiga pasi shati. Nilimsikiliza nikajua ni vigumu kwake, maana wengi wa wale walikuwa wakimwona kaka yao. Hatujafika nyumbani, akajibu dereva mmoja wa Moshi, Mchaga. Naye alikuwa amepigiwa na mtu mwenye sauti ileile, kampuni ileile ya barabara. Lakini kwake bwana yule alikuwa Mpare, mtani wake kabisa. Alitakiwa akaweke vidole mchana uleule, na sasa haendi. Mume wangu alinisikilizisha ujumbe ule tena na tena. Alitembea kwa haraka baada ya hapo, mimi nikawa nyuma.

Kazi alikuja kuipata, na haikuja kwa simu. Mteja wangu mmoja, mama aliyekuwa akimuuguza dada yake pale Kitete, alinisikia nikisimulia kisa hiki kwenye sufuria ya uji, akasema shemeji yake anafanya kazi gereji moja mjini na wanatafuta fundi wa malori. Mume wangu alikwenda kwanza bila kubeba chochote. Aliizunguka gereji, akawauliza majirani, akaongea na mafundi walio chini ya magari. Aliporudi alisema, "Ipo. Nimeikanyaga." Siku iliyofuata akaenda na nakala ya kitambulisho, na juu ya nakala ile alikuwa ameandika kwa kalamu, kutoka kona mpaka kona, kwamba ni kwa ajili ya kazi katika gereji hiyo tu, na tarehe na sahihi yake.

Mwenye gereji ni mzee wa Kiarabu, mtu wa mjini wa tangu babu zake. Mume wangu aliniambia alimwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaichukua nakala akaisoma polepole.

"Kwa hiyo nikitaka kukopea jina lako siwezi?"

"Huwezi, mzee."

"Unaniogopa?"

"Nakuogopa, mzee."

"Basi injini ile pale inavuja," mzee akasema. "Ianze."

Jioni ya kwanza alirudi mikono myeusi mpaka viwikoni. Nilikuwa nimesimama uani nimejitanda kanga mpya, nyeupe, naijaribu, kwa ajili ya harusi ya mtoto wa wifi. Alitaka kunipita kwa adabu asinichafue, lakini ua wetu ni mwembamba, dole gumba likatua begani kwangu. Likaacha alama yake yote, na mistari yake, nyeusi tii.

"Oo, pole," akasema. "Pole sana, mke wangu."

Nikageuka. "Umesemaje?"

Alinitazama akiwa hajaelewa. Kisha nikaona inamfikia, kuanzia machoni, ikashuka mdomoni. Akasogea. Akavishika vidole vyake kimoja kimoja, akavigandamiza kwenye kanga yangu kwa kutulia, kidole baada ya kidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, na mimi nilikuwa nampigia kelele mpaka majirani wakachungulia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akaitazama kazi yake.

"Haya, mtumwa wangu," akasema. "Umesajiliwa."